Ndege Juu ya Mikoko ya Rufiji

Mtoto wa Mkange aijua mikoko. Akifuatana na wazee wake hata pwani ya Saadani, au akifika mahali mto Wami uingiapo baharini, huona jinsi maji yajigawavyo katika vijito vingi, na jinsi miti isimamavyo katika matope, tawi juu ya tawi, hata mtu aliye upande huu asiweze kumwona mwenziwe aliye upande wa pili. Atakaye kuelewa habari hii na akumbuke mahali hapo. Kwa maana kusini ya Dar es Salaam uko mto mwingine, mkubwa kuliko Wami, nao ni Rufiji. Na katika mikoko ya midomo yake manowari moja ilijificha zaidi ya miezi tisa, wakati wa Vita Kuu ya kwanza.

1. Manowari yenye bomba tatu

Zamani zile nchi ya Tanganyika ilikuwa chini ya Wadachi. Mwezi wa Juni 1914 manowari yao iitwayo Königsberg ilifika Dar es Salaam. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10, na mabomba matatu ya kutolea moshi. Kwa hiyo watu wa pwani waliiita manowari na bomba tatu. Nahodha wake alikuwa Max Looff.

Vita vilianza mwezi wa Agosti. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Unguja. Manowari ya Waingereza, jina lake Pegasus, ilikuwa imetia nanga hapo ili mitambo yake itengenezwe, wala haikuweza kuondoka. Mizinga yake haikufika mbali kama ile ya adui. Wanamaji wake walisimama penye mizinga yao wakapiga, lakini makombora yao yalianguka majini kabla ya kufika. Watu zaidi ya 30 walikufa, na siku ile ile Pegasus ikazama. Wengi wa hao waliokufa walizikwa katika kisiwa kidogo cha Chapwani, karibu na mji wa Unguja.

Lakini mitambo ya Königsberg nayo ilikuwa imeharibika. Looff akaiingiza katika Rufiji, akaificha. Vyuma vilivyoharibika vilichukuliwa na wapagazi kwa njia ya nchi kavu mpaka Dar es Salaam, vikatengenezwa, kisha vikarudishwa vivyo hivyo. Tarehe 30 Oktoba Waingereza wakaivumbua. Ila kuiona ni jambo moja, na kuifikia ni jambo jingine. Manowari zao kubwa zilihitaji maji ya kina kirefu, na vijito vya Rufiji havina kina hicho. Wakazamisha merikebu kuukuu, Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili kuuziba. Königsberg ikapanda juu zaidi, mahali ambapo makombora yatokayo baharini hayakuweza kuifikia.

2. Jicho la angani

Ndipo ilipotafutwa ndege. Siku zile ndege zilikuwa changa sana. Zilifanywa kwa mbao na nguo, na mtambo wake mara nyingi ulizimika hewani. Wa kwanza kuruka juu ya Rufiji alikuwa Dennis Cutler, aliyeletwa kutoka Durban pamoja na ndege yake iwezayo kutua juu ya maji. Katika Novemba 1914 aliiona Königsberg kwa macho yake. Mwezi wa Disemba mtambo wake ulishindwa, akatua mtoni, akatekwa.

Ndege nyingine zikaletwa, lakini jua la pwani lilikuwa adui wa pili. Gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto, na mitambo ikakosa nguvu ya kupanda juu. Baada ya kisiwa cha Mafia kutwaliwa Januari 1915, kiwanja cha ndege kilisafishwa huko, na mwezi wa Juni zikafika ndege zilizofaa zaidi. Mwezi huo huo zikafika manowari mbili za namna ya peke yake, Severn na Mersey. Hizo zilikuwa pana na fupi kwenda chini, hata ziliweza kupita mtoni penye maji machache. Nazo zilikuwa na mizinga mikubwa.

Hata hivyo kulikuwa na shida. Kati ya manowari hizo na Königsberg kulikuwa na zaidi ya maili tano za mikoko, na wapiga mizinga hawakuweza kuwaona adui zao. Mtu apigaye asichokiona hana tofauti na kipofu atupaye jiwe. Kwa hiyo ndege ilikuwa jicho lao. Watu wawili walipanda: mmoja rubani, wa kuongoza ndege, wa pili mtazamaji. Huyo mtazamaji aliangalia mahali kila kombora lilipoanguka, kisha akapeleka habari kwa simu ya upepo, ambayo haina waya, kwa kugonga herufi: limepita mbali, au limefika karibu mno, au limekwenda kuume au kushoto. Mpiga mzinga akasahihisha, akapiga tena. Hivyo ndege haikuwa na ruhusa ya kupita upesi na kwenda zake. Ilipaswa kuzunguka, na kuzunguka tena, juu ya mizinga ya adui, muda wote wa kazi.

3. Kosa na fundisho lake

Tarehe 6 Julai 1915 Severn na Mersey ziliingia mtoni. Zilipiga makombora zaidi ya 600. Lakini zote mbili zilipiga kwa wakati mmoja, na mtazamaji aliye juu hakuweza kujua lipi ni kombora la Severn na lipi ni la Mersey. Königsberg ilipigwa mara chache tu. Nayo ilijibu kwa nguvu. Kombora moja liliangukia mzinga wa mbele wa Mersey na kuwaua watu kadhaa. Jioni zikarudi baharini, na kazi haikwisha.

Watu wengine wakishindwa hulaumiana. Hawa walikaa, wakafikiri walipokosea, wakapatana kwamba mara ya pili manowari moja tu itapiga, na nyingine itangoja zamu yake.

4. Tarehe 11 Julai

Siku tano baadaye wakarudi. Severn ilifungwa kwa nanga ili isitikisike. Juu yake ilizunguka ndege. Rubani alikuwa John Cull, na mtazamaji Harwood Arnold. Yapata saa sita u nusu mchana Severn ilianza kupiga. Arnold akagonga habari za kombora la kwanza, na la pili, na la tatu. Kila mara kombora lilisogea karibu zaidi. Baada ya mapigo machache likaingia katika Königsberg, na mengine yakafuata.

Wadachi nao waliijua hatari ilikotoka. Waliipiga ndege. Vipande vya kombora vikaingia katika mtambo, ukaanza kufa. Ndege isiyo na mtambo haiwezi kukaa angani. Hushuka polepole kama jani litokalo mtini. Cull na Arnold hawakuwa na njia ya kujiokoa angani, na chini yao palikuwa na mikoko, na matope, na mto wenye mamba.

Hapo Arnold alipeleka habari kwamba wamepigwa, akaomba mashua. Angaliweza kuishia hapo, wala hapana ambaye angalimlaumu. Lakini alikuwa ameona kwamba makombora yote yalikuwa yakiipiga Königsberg sehemu ya mbele tu, wala hayakufika katikati, penye mitambo. Basi huku ndege ikishuka, aliendelea kugonga herufi zake, akiwaelekeza wapiga mizinga wasogeze mapigo yao kuelekea katikati. Na Cull, kwa mikono isiyotetemeka, aliielekeza ndege upande wa manowari zao ili waanguke majini karibu nazo. Habari ile ikafika, mizinga ikasahihishwa, na makombora yakaanza kuanguka mahali palipotakiwa.

Ndege iligonga maji karibu na Mersey, ikapinduka. Arnold alitupwa nje. Cull alikuwa amefungwa kwa mkanda kitini pake, akawa chini ya maji, kichwa chini miguu juu. Alipapasa mpaka akaufungua, akaibuka. Mashua ya Mersey ikawachukua wote wawili wakiwa hai. Baadaye kila mmoja alipewa nishani ya D.S.O.

Ndege ya pili ilikuja kushika zamu, na Mersey ikasogea kupiga. Ndani ya Königsberg moto ulikuwa umeenea. Ni haki kusema kwamba ushujaa haukuwa wa upande mmoja. Wanamaji wa Königsberg walikuwa wamekaa miezi mingi katika mbu na homa, na makombora yao yalikuwa yakiwaishia. Hata hivyo waliendelea kupiga mpaka mizinga iliponyamaza. Looff mwenyewe alijeruhiwa vibaya. Alipoona kwamba hakuna tumaini, aliamuru merikebu ivunjwe kwa topido isije ikatwaliwa na adui. Ikakaa chini katika maji machache ya mto.

5. Mizinga iliyotembea

Habari haikwisha hapo. Wadachi waliitoa mizinga yote 10 majini. Mizinga ile ilikuwa mizito mno, na njia zilikuwa za mchanga na matope. Ikatiwa magurudumu, na mamia ya watu wakaiburura kwa kamba mpaka Dar es Salaam. Huko ilitengenezwa, ikapelekwa huku na huku katika nchi. Mmoja ulifika Bagamoyo, ukatwaliwa na Waingereza walipoushika mji huo mwezi wa Agosti 1916.

Majina ya Cull na Arnold na Looff yameandikwa vitabuni. Majina ya wale waliovuta kamba hayakuandikwa. Hawakuanza vita hivi, wala hawakuulizwa kama wavitaka. Wazee husema, fahari wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Pande zote mbili ziliwatumia wapagazi kuchukua chakula na risasi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 iliandikwa maneno ya kuwakumbuka askari na wapagazi pia.

Ushujaa, basi, si kelele, wala si kukosa hofu. Arnold alijua kwamba anaanguka. Lakini kazi yake ilikuwa kutazama na kueleza, akaifanya mpaka maji yalipomfikia. Na mpagazi aliyevuta kamba katika matope, akiwa na homa na tumbo tupu, akamshika mkono mwenziwe aliyeanguka ili asiachwe njiani, naye alikuwa shujaa, ingawa hakupewa nishani.

Huko Mombasa, penye ngome ya Fort Jesus, umewekwa mzinga mmoja wa Königsberg, na karibu nao mzinga mmoja wa Pegasus. Mizinga hiyo iliyopigana alfajiri ile ya Unguja sasa imekaa pamoja kimya, na watoto huishika kwa mikono yao.

Maana ya maneno

Kombora: risasi kubwa ya mzinga, ipasukayo.
Rubani: mtu aongozaye chombo cha majini au cha angani.
Topido: kombora liendalo ndani ya maji.
Nishani: alama ya heshima apewayo mtu kwa tendo jema.

Maswali

1. Kwa nini manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia Rufiji?
2. Eleza kazi ya mtazamaji katika ndege. Kwa nini ndege haikuweza kupita upesi na kwenda zake?
3. Kosa la tarehe 6 Julai lilikuwa nini, nalo lilisahihishwaje?
4. Arnold alifanya nini ndege ilipokuwa ikishuka? Tendo hilo lilisaidia nini?
5. Waulize wazee wa kijijini habari walizosikia kwa baba zao na babu zao juu ya wapagazi wa vita, kisha uziandike katika daftari.