Dondoo muhimu: Mkutano wa kijiji wakati wa mlipuko

Mei 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kilichokuwa kimejaa wakimbizi wa Burundi. Ugonjwa hausubiri kalenda ya vikao, lakini wananchi nao wana haki ya kusomewa mapato na matumizi kila miezi mitatu. Kwa hiyo mlipuko ukitokea, gawanyeni mkutano: wachache uwanjani, wengine vitongojini kwa simu.

Anzeni kwa kutazama mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wako nyumbani. Pangeni siku hizo, saa kumi jioni.

Kila kitongoji kiwe na simu moja yenye chaji na salio, iwekwe karibu na kipaza sauti. Jaribuni siku moja kabla, mahali penyewe; chini ya milima ya Gombe hatua chache tu zaweza kuwapotezea mtandao. Upepo wa ziwa ukivuma, fungeni kitambaa kwenye kipaza sauti. Wekeni ndoo ya maji na sabuni kila mahali watu wanapokusanyika.

Kura ndiyo ngumu. Mikono iliyoinuliwa haionekani kwenye simu, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji ahesabu hadharani, atamke idadi, na mtendaji wa kijiji airudie kwa sauti kabla ya kuiandika kwenye muhtasari. Muulizeni mapema mwanasheria wa halmashauri kama hesabu hiyo itakubalika.

Walio mbali waulize maswali kwanza. Wakiachwa mpaka mwisho, salio litakuwa limekwisha.