Sarafu Haina Kumbukumbu: Mafunzo Niliyopata Nikifundisha Uwezekano

Nimefundisha Hisabati Kidato cha Nne kwa miaka 12, Kanda ya Ziwa, katika madarasa ambayo wanafunzi 70 ni wachache. Katika muhtasari niliouzoea, mada ya uwezekano huja baada ya maumbo ya pande tatu na kabla ya trigonometria, na kwa miaka mingi niliipitia harakaharaka: fasili, kanuni, mifano miwili ya mipira ndani ya mfuko, zoezi, tuendelee. Wanafunzi waliifurahia kwa sababu hesabu zake ni za sehemu tu. Walipata alama, lakini fikra zao kuhusu mambo ya bahati zilibaki vilevile zilivyokuwa. Haya ninayoyaandika niliyapata taratibu, na mojawapo kwa uchungu.

1. Kabla ya fasili, kamba

Kiswahili kimejaa maneno ya kupimia jambo ambalo bado halijatokea, na mwanafunzi huja nayo shuleni tayari. Siku ya kwanza nafunga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirishani hadi mlangoni. Mwisho mmoja nabandika 0, mwingine 1. Kila kundi linapewa karatasi yenye neno: haiwezekani, nadra, huenda, labda, pengine, yamkini, aghalabu, bila shaka. Wanalibana neno lao kwenye kamba mahali wanapoona linastahili, kisha wanalitetea.

"Haiwezekani" na "bila shaka" hukaa kwenye miisho bila ubishi. Kelele huanzia kwenye "yamkini": wengine wanaipeleka karibu na nusu, wengine wanaivuta hadi robo tatu. Mwaka mmoja binti mmoja alisimama akasema, "Madam, mama yangu akisema labda nitakununulia viatu, hiyo labda ni sifuri." Darasa lilicheka, lakini alikuwa amelenga penyewe. Neno moja, watu wawili, vipimo viwili. Sasa kila mtu anaona kwa nini tunataka namba.

Somo hufundishwa kwa Kiingereza na mtihani wa Taifa utakuja kwa Kiingereza. Hilo nalijua na silipuuzi. Lakini ubishi wa kamba nauacha uende kwa Kiswahili mpaka uishe wenyewe. Anayekosa swali la "angalau mmoja" mara nyingi hakushindwa na hesabu. Hajawahi kukaa akajiambia, kwa lugha anayoiota, kwamba "angalau mmoja" ni kila kitu isipokuwa "hakuna hata mmoja". Akishaliona hilo, anatoa kwenye 1 na swali linaisha kwa mstari mmoja.

2. "Ama iwe, ama isiwe" si nusu kwa nusu

"Uwezekano wangu wa kufaulu ni nusu, Madam, maana ama nitafaulu ama nitafeli." Sijapata mwaka ambao sikuisikia kauli hii. Kuikanusha kwa maneno hakusaidii. Vizibo vya soda vinasaidia.

Naomba vizibo dukani, kila kundi linapata kimoja, wanakirusha mara 100 na kuhesabu kilivyolala: mgongo juu au meno juu. Kizibo kina namna mbili za kulala kama sarafu, ila umbo lake limeegemea upande mmoja, na matokeo yanaegemea hivyohivyo. Makundi yote yanaona upande uleule ukizidi. Kugawa idadi ya matokeo yanayotakiwa kwa idadi ya matokeo yote kunafaa pale tu ambapo kila tokeo lina nafasi sawa na mwenzake. Sharti hilo limo vitabuni, kwa mstari mmoja, na ndilo ambalo sisi walimu tunaliruka.

3. Sarafu mbili ziwe tofauti

Rusha sarafu mbili. Je, uwezekano wa kupata angalau kichwa kimoja ni upi? Wengi huandika 2/3, kwa hoja inayoeleweka kabisa: vichwa viwili, kichwa kimoja, au hakuna. Matokeo matatu, mawili yanafaa.

Zamani nilichora mkwaju mwekundu nikapita. Siku hizi natoa sarafu ya 200, yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili, na ya 100, yenye Nyerere na swala. Tunaandika ubaoni: Karume na Nyerere; Karume na swala; simba na Nyerere; simba na swala. Ni manne, na matatu kati yake yana kichwa. Sarafu zikiwa pacha, macho huona matokeo matatu. Zikiwa tofauti, lile la katikati linajigawa mara mbili mbele yao, na jibu ni 3/4 bila kulazimishana.

Baada ya hapo ndipo nawaeleza kwamba Jean d'Alembert, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ufaransa katika karne ya 18, aliitetea 2/3 hiyohiyo katika Encyclopédie mwaka 1754. Nawaambia si kwa kuwafariji. Nataka wajue kwamba kosa hili ni la mtu anayefikiri, na kwamba dawa yake ni kuorodhesha kwa uaminifu.

4. Nusu ya darasa watunge

Hii ndiyo kazi ya nyumbani ninayoipenda kuliko zote. Nusu ya darasa warushe sarafu kweli, mara 100, na kuandika K kwa kichwa na S kwa simba kwa mfuatano. Nusu nyingine waketi tu na kutunga mfuatano unaofanana na wa sarafu. Hakuna anayeniambia yuko upande gani. Kesho yake napita dawati kwa dawati, nafunua kaunta buku na kusema: wewe umerusha, wewe umetunga. Wengi nawapatia, na wanataka kujua nimejuaje.

Aliyetunga huogopa kuandika K tano mfululizo. Anaona si haki. Baada ya tatu anaingiza S ili mambo yakae sawa. Sarafu haina hofu hiyo. Ukiirusha mara 100, karibu kila mara utakuta mahali ambapo upande mmoja umejirudia mara tano au zaidi.

Swali linalofuata halikosekani: "Baada ya vichwa vitano, si sasa ni zamu ya simba?" Hapo nasimulia habari za John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini aliyekuwa Denmark Wajerumani walipoivamia mwaka 1940. Akiwa kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kupata vichwa 5,067. Naziandika namba ubaoni na kuuliza: vile 67 vilivyozidi nusu, sarafu ililipa lini? Haikulipa. Lakini kwa sehemu ya wote ni asilimia 50.67, umbali mdogo sana kutoka nusu. Ziada haikurudishwa, ilizama ndani ya wingi. Kati ya kulipwa na kuzama pana tofauti kubwa, na hiyo ndiyo ninayoipigania kuliko kitu kingine chochote katika mada nzima. Sarafu haidai wala haidaiwi.

5. Mkeka uwekwe ubaoni

Kwa muda mrefu sikutaja kubeti darasani. Niliona kama nitakuwa nafundisha kamari. Wakati huohuo vijana wa dawati la nyuma walikuwa wanazijua odi kuliko walivyoijua kanuni yoyote niliyowapa. Sheria inawakataza walio chini ya miaka 18, na bado mikeka, yaani orodha za mechi za kubetia, ilikuwa inawekwa, kwa simu za kaka zao. Siku moja nilimkuta mmoja akinakili mkeka wa mechi kumi nyuma ya daftari la mazoezi. Badala ya kumpeleka kwa mwalimu wa nidhamu, nilimwita mbele.

"Hii mechi ya kwanza una uhakika nayo kiasi gani?"

"Hiyo ni ya uhakika, Madam."

"Timu hizi zikicheza mara kumi, utapatia mara ngapi?"

Akafikiri. "Saba."

Zote kumi akazipa saba, naye alikuwa anazifuatilia kweli. Mkeka hulipa tu mechi zote zikitimia, basi tukaanza kuzidisha. Mechi mbili: 0.7 mara 0.7 ni 0.49, tayari chini ya nusu. Nne: 0.24. Nane: haifiki 0.06. Kumi: 0.028. Chini ya mikeka mitatu kati ya 100, na huyu ni mtu anayepatia mechi saba katika kila kumi.

Akaomba chaki, akarudia hesabu yote mwenyewe. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia: "Sasa mbona mkeka ukichanika, mara nyingi ni mechi moja tu iliyoharibu?" Tulilifanyia kazi kipindi kizima kilichofuata. Kukosa mechi moja hasa kati ya kumi kunaweza kutokea kwa njia kumi tofauti, na kila njia ni 0.7 kwa kipeo cha 9 mara 0.3. Jumla yake ni takribani 0.12. Yaani kwa kijana huyu, kuchanikiwa kwa mechi moja kunatokea zaidi ya mara nne kuliko kupatia zote. Ile hali ya "nilibakiza kidogo tu", inayomrudisha mtu kibandani kesho yake, haionyeshi kwamba amekaribia. Ndivyo mkeka mrefu unavyokuwa.

Siwezi kudai kwamba aliacha. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo sijaifundisha kanuni ya kuzidisha kwa mipira ya kwenye mfuko.

6. Darasa lililofurika ni maabara

Watu 23 wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kuzaliwa tarehe moja uzidi nusu. Wakiwa 70, unapita asilimia 99. Monita anaita miezi, wanafunzi wanataja tarehe, na ndani ya dakika tano jozi zinajitokeza. Haihitaji kifaa chochote, na ni mara chache msongamano wetu unageuka kuwa faida.

7. Robo si foleni

Hili ndilo la uchungu. Miaka michache iliyopita nilitaka mfano wenye maana kwa maisha ya huku kwetu, nikachagua selimundu, ambayo nyumbani tunaiita sikoseli. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka, na Kanda ya Ziwa inaijua vizuri. Nikaandika: baba ana AS (jeni moja ya kawaida, A, na moja ya sikoseli, S), mama ana AS, uwezekano wa mtoto kuwa na SS, yaani ugonjwa wenyewe, ni 1/4. Kisha, ili kurahisisha, nikasema, "Yaani kati ya watoto wanne, mmoja."

Baada ya kengele ya mwisho binti mmoja alinifuata nje ya ofisi ya walimu. Alinisalimia, akasimama kidogo, akasema mdogo wake ana sikoseli na mama yao ni mjamzito. "Kwa hiyo huyu atakuwa salama, Madam? Robo yetu imeshatoka."

Sentensi yangu ndiyo iliyompa tumaini hilo, na mimi ndiye niliyetakiwa kumwondolea. Nilimkalisha kwenye benchi nikamwambia: hapana, mwanangu. Kila mimba inaanza upya. Robo ile haipungui kwa sababu imeshatokea, wala haiongezeki kwa sababu haijatokea.

Kesho yake nilirudi darasani na vikombe viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Ndani ya kila kimoja nilitia punje mbili za maharage: moja ya njano kwa A, moja nyekundu kwa S. Kupata mtoto ni kuchota punje moja kutoka kila kikombe bila kutazama, kuandika, na kurudisha. Hilo la kurudisha ndilo nililolisahau siku ya kwanza. Kila kundi likajenga familia za watoto wanne, moja baada ya nyingine, tukazipanga ubaoni. Zipo zisizokuwa na SS hata mmoja. Zipo zenye wawili. Moja ilikuwa na watatu, na darasa likanyamaza.

Kisha tukahesabu kwa kalamu. Kwa wastani, kati ya familia 256 za namna hiyo, 81 hazina mtoto mwenye SS, 108 zina mmoja, na 67 zina wawili au zaidi. Zile nilizozisema mimi, "kati ya wanne, mmoja", hazifiki hata nusu. Vikombe vilionyesha jambo jingine pia, bila mimi kulitafuta. Kikombe kimoja kikitoa njano, mtoto hawezi kuwa SS. Lazima vyote viwili vitoe nyekundu. Nimeona akina mama wengi wakibebeshwa lawama peke yao kwa ugonjwa huu, na wapo waliorudishwa kwao. Wavulana walikuwa wanazitazama zile punje kwa makini kuliko wasichana.

Katika somo hili sasa nina sharti moja: simwulizi mwanafunzi yeyote kipimo chake wala habari za nyumbani kwao. Punje zinatosha.

Yule binti aliniomba vikombe aende navyo nyumbani. Juma lililofuata alivirudisha pamoja na kaunta buku lake, akanifunulia ukurasa wa mwisho. Baba yake ndiye aliyechota, akaandika kwa mkono wake mwenyewe, mara 20. Aliniambia kwamba wazazi wote wawili watakwenda kliniki, wakaulize kuhusu kumpima mtoto mapema akizaliwa. Niliupitia ule ukurasa kutoka juu. AA, AS, halafu SS, na mstari uliofuata SS tena. Chini ya hizo mbili baba alikuwa amepiga mstari wa kalamu, akaukoleza mara mbili.