Somo kwa Wazazi: Tupime Sinema na Vitabu vya Watoto Wetu

Masomo: Yoane 7:24, Matayo 7:15-20, Matayo 18:1-6



Wazazi wengi wanatuuliza: namna gani tunaweza kujua kama sinema ao kitabu kinafundisha mtoto mabaya? Zamani watoto walikaa kando ya moto na kusikiliza hadisi za babu na bibi. Mkubwa alikuwa pale, akaeleza maana. Leo mtoto anaangalia televizio ao telefone, na mara nyingi hakuna mkubwa karibu naye. Kwa hiyo tujifunze kupima. Tunatoa maulizo matatu.

1. Mwisho wake unasema nini?

Wengi wanaikumbuka The Lion King, sinema ya simba iliyotoka Marekani mwaka 1994. Sisi mashemasi tuliikataza. Tuliona nyani mzee Rafiki mwenye fimbo kama mganga, na uso wa mfalme aliyekufa ukitokea mawinguni. Tulisikia pia neno «hakuna matata», tukasema: hii inafundisha uvivu.

Lakini hatukuwa tumeitazama mpaka mwisho. Simba mdogo anadanganywa na baba yake mdogo kwamba yeye ndiye aliyeleta kifo cha baba yake. Anakimbia, anaishi na wale wenye kusema hakuna matata. Kisha anajua kwamba matata iko, na watu wake wanateseka. Anarudi kubeba kazi yake. Basi sinema yenyewe inakataa neno lile tulilolishitaki! Juu ya uso wa mawinguni, mzazi aseme tu: «Mwanangu, sisi tunaomba Mungu, hatuombi wafu.» Mtoto anasikia. Bwana alitukataza kuhukumu kwa kutazama inje, na sisi tulifanya vile.

2. Ni nani anachekwa?

Kitabu Tintin au Congo kilichorwa na Hergé huko Ubelgiji, kikatoka kwanza katika gazeti la watoto mwaka 1930 na 1931. Kinachekesha, na watoto wanakipenda. Lakini anayechekwa ni nani? Ni sisi. Wakubwa wetu wamechorwa kama watoto wasio na akili, wenye kupigia kijana mweupe magoti. Katika kitabu cha kwanza, kijana yule anafundisha wanafunzi wa Kongo kwamba inchi yao ni Ubelgiji. Kilipochorwa upya mwaka 1946, somo hilo likageuzwa kuwa hesabu. Mwaka 2007 Mukongomani mmoja mwenye kuishi Ubelgiji alikishitaki, na mwaka 2012 tribinali ya Brussels ilikataa kukipiga marufuku. Tribinali imesema yake. Kazi ya mzazi inabaki. Mtoto akikisoma peke yake atamcheka babu yake. Akikisoma pamoja na baba yake, atajifunza namna watu walivyotutazama.

3. Kinaleta matunda gani?

Hapa tunapaswa kuungama. Sinema za video zenye kuonyesha watoto walozi zilienea sana katika inchi zetu. Moja ya Nigeria, End of the Wicked ya mwaka 1999, inaonyesha watoto wakiingizwa katika ulozi na kula nyama ya watu. Sinema ya namna hiyo ilipoletwa katika uwanja wa parokia yetu, hatukuuliza kitu. Ndani yake watu waliomba, walitaja jina la Yesu. Tukasema ni nzuri, na watoto wakakaa mbele.

Siku ya Mungu yenye kufuata, tuliona yatima mmoja, mwenye kulelewa na shangazi yake, amekaa peke yake chini ya mwembe. Wenzake walikataa kunywa maji katika kikombe alichonywea. Tulipouliza, mdogo mmoja akajibu: «Ni mulozi. Anakojoaka ku kitanda, sawa ule wa mu filme.»

Tuliogopa, maana tunajua njia hiyo inafika wapi. Mtoto ananyimwa chakula, anafungishwa siku nyingi eti aombewe, anafukuzwa, analala sokoni. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kushitaki mtoto ulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka azabu. Lakini hata mbele ya sheria hizo tulikuwa na Matayo 18, na jiwe lile la kusagia.

Jioni ile tulikwenda kwa shangazi. Mkeka wa mtoto ulikuwa umekwisha kuhamishwa jikoni, inje ya nyumba. Tulizungumza naye mpaka usiku, na mkeka ukarudi ndani. Kisha, mbele ya watoto wote, tuliomba yatima yule msamaha. Shemasi mmoja akachukua kikombe, akampa anywe kwanza, akanywa yeye, akawapitishia wengine.

Basi tufanye nini?

- Tusikataze wala tusisifu kitu ambacho hatujakitazama mpaka mwisho.
- Jina la Yesu katika sinema lisitufunge macho. Mti unajulikana kwa matunda.
- Tukae na watoto, tuwaulize: «Umeelewa nini? Nani ni mbaya? Sababu gani?»
- Mtoto akianza kuogopa ao kuchukia mwenzake, sinema ile isirudi tena nyumbani.
- Mtoto mwenye kukojoa kitandani apelekwe kwa munganga wa hospitali, asipelekwe mbele ya kusanyiko.

Maulizo ya kujibu nyumbani: Watoto wetu waliangalia nini juma hili? Tulikuwa wapi? Je, kuna mtoto katika avenyu yetu mwenye kunywa peke yake?

Bwana atupe macho ya kuona. Amina.