Tarumbeta Zilizovuka Bahari

Mwezi huu twataka kujibu swali ambalo walimu wa sharika hutuuliza: Je, tarumbeta ni chombo cha kigeni, hata mtu akiipiga kwa mwendo wa kwetu awe ameiharibu? Na tuitazame Forodhani ya Unguja, maana huko jibu laonekana wazi.

Katika bustani ya Forodhani, mkabala wa Ngome Kongwe, kiko kibanda cha wapiga bendi. Na karibu na hapo yalikuwapo majumba ya Sultani. Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alikuwa na bendi ya tarumbeta kwa namna ya majeshi ya Ulaya, na wapigaji wake walikuwa Wagoa. Watu wa pwani walisikia tarumbeta za namna hiyo, wala hawakuishia kusikiliza tu. Karne ile ilipokuwa ikiisha, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma yao, wakaiita beni, yaani bendi. Walijipanga kama askari, wakajipa vyeo, wakashindana kwa mavazi na nyimbo. Vyama vya beni, kama Marini na Arinoti, vilienea hata bara, hasa wakati wa vita vya 1914–1918.

Leo Unguja beni husindikiza harusi. Tarumbeta hupiga nyimbo za taarabu, ngoma hushika mwendo, na wanawake huitikia. Asikiaye hawezi kudhani yuko Ulaya.

Wala si sisi peke yetu tuliofanya hivyo. Katika nchi za Balkani, kama Serbia, tarumbeta za majeshi ya karne ya 19 ziliingia harusi za vijijini; na mjini Guča wapigaji hushindana tangu 1961. Huko New Orleans, Marekani, watu Weusi walizichukua tarumbeta za namna ya bendi za askari wakazipiga katika maandamano na maziko yao, na humo jazi ikakua. Siku hizi ziko bendi zichanganyazo mwendo wa Balkani na jazi, fanki na souli. Mitindo hiyo yapatana upesi, kwa kuwa tarumbeta zake zote zilitoka gwarideni zikafundishwa kucheza harusini na njiani.

Basi, tarumbeta haina kabila. Husema lugha ya pumzi ya mpigaji. Zetu za kanisani nazo zilivuka bahari, zikaletwa na wamisioni wa Kijerumani. Zaburi ya 150 yataja baragumu pamoja na matari, wala haiulizi taifa la mpigaji. Lililowadhuru watu wa beni si mwendo wa ngoma, bali mashindano ya fahari na gharama zake. Kwaya nayo yaweza kutumbukia katika shimo lilo hilo. Na tujihadhari na hilo, mwendo wa kwetu tusiuogope.

Maswali ya kujifunza:
1. Beni ilipata wapi umbo lake, na ilipata wapi nyimbo zake?
2. Tarumbeta za Balkani na za New Orleans zafanana na beni kwa jambo gani?
3. Katika usharika wenu, twashindana kumsifu Mungu au kujisifu?