Njia za Miguu na Pabu za Vijijini: Mwongozo wa Msimu wa Baridi Uingereza

Kuanzia Novemba hadi Februari wengi wetu tunaoishi Uingereza hujifungia ndani. Ni kazini na nyumbani, basi. Baridi inauma kweli, lakini kuna jambo jingine linalowazuia watu: wasiwasi kwamba kule mashambani si kwetu. Ukikatiza shamba la mtu utafukuzwa. Ukiingia pabu ya kijiji watu wote watageuka kukutazama. Wasiwasi wa kwanza sheria imeshaumaliza. Wa pili huisha ukishazijua taratibu.

Uingereza na Wales zina zaidi ya kilomita 200,000 za njia ambazo kila mtu ana haki ya kuzipita, hata pale zinapokatiza malisho ya mtu binafsi. Ukiona mshale wa njano kwenye nguzo au geti, hiyo ni njia ya waendao kwa miguu. Mshale wa bluu unaruhusu farasi na baiskeli pia. Mwenye shamba haruhusiwi kuiziba wala kukurudisha. Wewe nawe ufuate njia, uliache geti kama ulivyolikuta, na mbwa umshike kamba penye kondoo, maana kondoo hubaki nje hata theluji ikianguka.

Haki hii watu waliilipia. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda Kinder Scout, mlima ambao wenye mali walikuwa wameufunga ili wawinde ndege. Aliyewaongoza, Benny Rothman, alikuwa na miaka 20. Yeye na wenzake wanne walifungwa jela. Mwaka 1951 milima hiyo ikawa sehemu ya Peak District, hifadhi ya kwanza ya taifa nchini humo, na sheria ya mwaka 2000 ikafungua maeneo makubwa ya nyanda za juu kwa watembeao. Kwa hiyo ukipita pale hupiti kwa hisani ya mtu.

Kwa anayeanza, ningependekeza hapo hapo Peak District, kwa sababu huhitaji gari. Panda treni ya Manchester na Sheffield, ushuke Edale. Kinder Scout yenyewe, yenye mita 636, iache hadi kiangazi: huko juu ukungu hushuka ghafla, na ardhi ni nyeusi, imelowa, haina alama nyingi. Elekea upande wa pili, kusini, hadi Hollins Cross. Hapo ni mahali pa chini kwenye mgongo wa vilima, na zamani watu wa Edale walipita hapo wakiwabeba maiti wao kwenda kuzika Castleton, kabla hawajapata kanisa lao. Ukisimama juu utaona mabonde mawili kwa pamoja. Kulia kwako ni Mam Tor, mita 517, mlima unaoporomoka taratibu tangu enzi. Barabara ya magari iliyopita chini yake ilipasuka mara nyingi hadi ikafungwa kabisa mwaka 1979. Kisha unateremka Castleton, unakula, na kumalizia kwa njia tambarare hadi kituo cha treni cha Hope. Yote ni takriban kilomita 8.

Chukua ramani ya Ordnance Survey ya kipimo cha 1:25,000, ile yenye jalada la rangi ya machungwa. Njia za miguu zimechorwa humo kwa vistari vya kijani, na pabu zimewekewa alama ya kikombe cha bia. Usitegemee simu peke yake, kwa sababu baridi humaliza chaji haraka na mtandao hukatika mabondeni.

Adui mkubwa ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua la huko huchomoza kama saa 2 na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni, yaani saa ya simu haijafika hata 16:00. Anza mapema, na uweke tochi mfukoni hata kama unaamini hutaihitaji. Kwa Mwislamu, adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kwa karibu mno, kwa hiyo panga mapema utakaposalia.

Adui wa pili ni tope. Raba za mjini hazifai; vaa viatu vya kupandia milima vinavyofunika vifundo vya miguu, au mabuti ya mpira. Jinzi ikilowa haikauki, na inakunyonya joto. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, sweta la sufu, na koti la mvua juu yake. Chupa ya chai ya moto haina mbadala. Mtu akiumia, piga 999, omba polisi, kisha uokoaji wa milimani. Waokoaji ni watu wa kujitolea na hawatozi chochote. Simu ikigoma, puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, pumzika dakika moja, rudia.

Sasa pabu. Mlangoni pangusa viatu; vikiwa na tope sana vivue, kuingia na soksi si ajabu vijijini. Usikae ukisubiri mhudumu: nenda kaunta, agiza, lipa. Foleni haionekani, lakini kila mtu anajua nani alitangulia, nawe ukumbuke waliokutangulia. Bakshishi ya kinywaji hailazimiki. Mkiwa kundi, desturi ni mmoja kuwanunulia wote, kisha mwingine raundi inayofuata. Kama hunywi pombe, agiza chai, kahawa au soda bila kujieleza, hakuna atakayekuhoji. Ila tahadhari na cider. Jina linaweza kukufanya udhani ni juisi ya tofaa, kumbe ni pombe kamili, na mara nyingi ni kali kuliko bia. Shandy nayo ina bia ndani. Watoto huruhusiwa katika pabu nyingi wakiwa na wakubwa wao, lakini uliza kwanza.

Kuhusu chakula, Jumapili kuna nyama ya kuoka, viazi, mboga na mchuzi mzito. Weka nafasi kwa simu. Uliza pia jiko linafungwa saa ngapi, kwa kuwa baadhi huacha kupika kama saa 8 na nusu mchana. Usione haya kuuliza kama chipsi zimekaangwa kwa mafuta ya wanyama. Wapo wanaoyatumia bado. Asiyetaka kabisa kukaa penye pombe atapata migahawa ya chai Castleton.

Waingereza wengi hutembea tarehe 26 Desemba kunyoosha miguu baada ya sikukuu, na siku hiyo pabu hujaa. Asiye na gari achague siku nyingine: tarehe 25 treni hazitembei, na tarehe 26 nyingi hazipo. Siku yoyote utakayokwenda, angalia ratiba ya treni ya kurudi kutoka Hope kabla hujaondoka nyumbani, maana ukiikosa moja unaweza kungoja muda mrefu kwenye baridi.