Uzito wa Gari na Mwili wa Binadamu

Mwaka 1985 kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa gari lake la kwanza lenye jina la M5: gari la kawaida la familia lililofungwa injini ya nguvu isiyo ya kawaida. Uzito wake ulikuwa takriban kilo 1,430. Gari lenye jina hilo hilo lililotolewa mwaka 2024 lina uzito unaozidi kilo 2,400. Katika muda usiofika miaka arobaini imeongezeka karibu tani nzima, nayo tani moja ndiyo uzito wa gari dogo la abiria likiwa kamili na magurudumu yake.

Afrika Mashariki ilikwisha kuyajua magari ya kasi yalipokuwa bado mepesi. Mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa mwaka 1971 na 1973 na Datsun 240Z, gari ambalo lilipotoka kiwandani lilikuwa na uzito wa tani moja na ushee mdogo. Subaru Impreza WRX ya mwaka 1992, ambayo jamaa zake wangali wakinguruma katika miji yetu, ilikuwa na kilo 1,220 hivi. WRX ya sasa inakaribia kilo 1,500.

Sababu za ongezeko hilo zinaeleweka, na baadhi yake ni za kupongezwa. Magari ya leo yana mbavu za chuma kigumu milangoni, mifuko ya hewa pande zote na vitambuzi vinavyosaidia kushika breki. Yapo pia mambo ya anasa: viti vya umeme, vioo vinene vya kuzuia kelele, magurudumu mapana. Katika magari ya haibridi huongezwa betri kubwa na mota ya umeme juu ya injini ya petroli ambayo haikuondolewa. Kisha uzito huzaa uzito: gari likiwa zito huhitaji breki kubwa zaidi, matairi mapana zaidi na injini yenye nguvu zaidi, na kila kimoja kati ya hivyo huja na kilo zake. Matangazo ya biashara hutaja nguvu za farasi na sekunde za kufikia kilomita 100 kwa saa. Uzito huandikwa mwishoni, kwa herufi ndogo.

Msomaji aliyeko Lisekese, Masasi, anaweza kusema kwamba M5 mpya haitapita mlangoni kwake. Ni kweli, lakini mwelekeo huo umekwisha kumfikia kwa njia ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam: Land Cruiser za V8 zenye tani mbili na nusu au zaidi, Prado, na magari mengine marefu ya boneti yenye injini za turbo. Masasi ni njia panda. Hapo hukutana barabara ya Lindi na Mtwara, ya Nachingwea, ya Newala, na ile ya Mangaka inayoelekea Tunduru na Songea, na pia Daraja la Umoja mtoni Ruvuma. Barabara ya kilomita 210 kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi nayo imekuwa ikijengwa kwa lami kipande kwa kipande. Ifikapo Oktoba, minada ya korosho ya MAMCU na TANECU inapoanza, barabarani huongezeka malori, misafara na fedha, na fedha za korosho hununua pikipiki kabla ya kununua kitu kingine. Hivyo gari la tani mbili na nusu hukutana na pikipiki ya kilo 115 kwenye lami nyembamba, mara nyingi saa za magharibi.

Kinachotokea wakati huo hufuata kanuni ambayo haijali leseni wala cheo. Chukua gari dogo la kilo 1,000 na gari kubwa la kilo 2,500, kila moja likienda kilomita 60 kwa saa, yagongane uso kwa uso na kushikamana. Baada ya mshindo, yote mawili yatasogea kuelekea kule gari kubwa lilikokuwa likienda, kwa mwendo wa kilomita 26 hivi kwa saa. Aliyemo katika gari kubwa amepungukiwa na mwendo wa kilomita 34 kwa saa. Aliyemo katika gari dogo amepoteza zile 60 zote, kisha akarudishwa kinyumenyume kwa 26: jumla ni 86. Mabadiliko hayo ya ghafla ndiyo yanayoupasua mwili. Gari hukoma, mbavu hukoma kwenye mkanda, lakini moyo, ini na wengu huendelea mbele kwa sehemu ndogo ya sekunde vikining'inia kwenye mishipa yake.

Sasa liondoe gari dogo na uweke bodaboda iliyobeba mshikaki: dereva na abiria wawili, pamoja na pikipiki yenyewe, kilo 300 hivi. Kwa hesabu ile ile, dereva wa gari kubwa atahisi badiliko la kilomita 13 kwa saa, kama mtu aliyeshika breki kwa nguvu. Walio kwenye pikipiki hupata badiliko la 107, tena bila mkanda, bila mfuko wa hewa, na mara nyingi abiria hana kofia ngumu. Ndiyo maana baada ya ajali ya namna hiyo dereva wa gari hushuka akiwa mzima, akipangusa vumbi.

Watafiti wa Marekani, Anderson na Auffhammer, walichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa ajali nyingi za nchini mwao. Walikuta kwamba kugongwa na gari lililo zito zaidi kwa kilo 450 hivi huongeza uwezekano wa kifo katika gari lililogongwa kwa asilimia 47. Kinga anayonunua mwenye gari zito, kwa sehemu, hulipwa na mwingine. Katika nchi ambazo wengi wako ndani ya magari, anayelipa walau ana mbavu za chuma kumzunguka. Katika barabara ya Masasi anayelipa ni mwendesha pikipiki, mwenye baiskeli, au mama aliyebeba ndoo kichwani.

Hapa yafaa kusahihisha dhana iliyoenea. Watu wengi hudhani kwamba mtembea kwa miguu huuawa na uzito wa gari. Ukweli ni kwamba kwa mtu wa kilo 60 tofauti kati ya gari la tani moja na la tani mbili na nusu ni ndogo, kwa kuwa yote mawili humzidi mno: la kwanza litamsukuma kwa karibu asilimia 94 ya mwendo wake, la pili kwa karibu asilimia 98. Kinachoamua hatima yake ni mambo mawili mengine, mwendo na umbo la mbele ya gari.

Mwendo kwanza. Nishati ya gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Dereva anayetoka kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, akafika 70, ameongeza nishati ya gari lake karibu mara mbili. Ni kana kwamba gari lake dogo limegeuka kuwa Land Cruiser katikati ya kijiji. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba hatari ya kifo kwa mtembea kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa.

Kisha umbo. Boneti fupi humpiga mtu mzima kwenye muundi au goti na kumtupa juu ya gari. Mguu huvunjika, kichwa huweza kugonga kioo, lakini mwili umepata nafasi ya kusafiri pamoja na gari kabla ya kukoma. Boneti ndefu na wima humpiga kwenye nyonga, tumbo au kifua na kumwangusha mbele ya magurudumu. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, urefu huo ni wa kichwa chake. Taasisi ya bima ya Marekani ya usalama wa barabarani, IIHS, ilieleza mwaka 2023 kwamba magari yenye boneti inayozidi sentimita 102 kutoka ardhini huelekea kumuua aliyegongwa kwa asilimia 45 zaidi kuliko yenye boneti ya sentimita 76 au chini, iliyoinama. Vyuma vya kinga vinavyofungwa mbele ya bampa, ambavyo wengi huvipenda kwa sura, huongeza madhara hayo, kwa sababu bati la boneti hubonyea kidogo likimpokea mtu, ilhali chuma hakibonyei. Mjini, ambako hakuna nyati wa kugonga, ni vigumu kuvipatia sababu nyingine.

Uzito hudai haki yake tena kwenye miteremko ya Uwanda wa Makonde. Anayetoka Newala kushuka kwenye tambarare hulazimika kuipunguza nishati yote ya kimo kupitia breki. Gari la kilo 2,400 huzalisha, kwa kila mita 100 za kimo linachoshuka, joto zaidi ya mara mbili ya lile la gari la kilo 1,050. Breki zikichemka hupungua nguvu, na kanyagio huweza kuzama bila gari kupungua mwendo. Dereva mwenye busara huingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza na kuiacha injini ilizuie gari. Gari zito lililonunuliwa likiwa limetumika miaka kumi na tano, lenye vitambaa vya breki vya bei nafuu na matairi ya mtumba, halina tena sifa zilizoandikwa katika kijitabu cha kiwandani. Limebaki na uzito wake tu.

Kwa wananchi wanaofika kwanza penye ajali, elimu hii ina matumizi ya moja kwa moja. Aliyegongwa na gari refu la boneti achukuliwe kuwa amevunjika nyonga hadi ithibitike vinginevyo, hasa akilalamika maumivu ya kinena au ya kiuno. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Paja moja lililovunjika huweza kuficha lita moja au zaidi, na nyonga iliyofunguka huweza kumeza kiasi kinachoua bila tone moja kuonekana nje. Kanga ya kawaida inaweza kuokoa maisha hapo. Ikunjwe iwe na upana wa kiganja na vidole vyake, ipitishwe kwa upole chini ya magoti na kusogezwa juu hadi usawa wa maungio ya paja na nyonga, kisha ifungwe mbele kwa kukaza. Kosa la kawaida ni kuifunga tumboni, ambako haisaidii kitu. Magoti yafungwe pamoja kwa kanga ya pili. Nyonga isibanwe wala kutikiswa kwa mikono ili kupima kama imevunjika, kwa maana kila mtikiso huligandua bonge la damu lililoanza kuziba.

Majeruhi asinyanyuliwe kwa kushikwa mikono na miguu, wala asiketishwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Ubao, mlango au kitanda cha kamba hufaa zaidi, kichwa kikishikiliwa kwa mikono miwili kisizunguke. Damu inayotoka nje ibanwe kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kutazama. Asipewe maji ya kunywa hata akiomba, na kiu kali yenyewe, pamoja na jasho baridi, midomo iliyofifia na mapigo ya moyo ya haraka, ni dalili kwamba anavuja damu ndani. Maumivu ya bega la kushoto kwa mtu aliyepigwa tumboni yapaswa kutiliwa shaka sana: mara nyingine hutokana na damu ya wengu uliopasuka, ikiusumbua msuli ulio chini ya mapafu. Wengu huweza pia kuanza kuvuja siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi shambani.

Majeruhi wa Masasi na Newala hupelekwa Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya wilaya ya Newala, na wenye majeraha makubwa huelekezwa Mtwara, ama Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka Masasi. Katika kila kituo muuguzi au daktari atauliza kilichotokea, na mara nyingi jibu analopata ni maneno matatu: amegongwa na gari. Aliyeshuhudia aongeze haya: gari lilikuwa dogo au refu, boneti ilimpiga wapi mwilini, lilikuwa likienda kasi kiasi gani, alirushwa au alivutwa chini ya magurudumu, na alikaa muda gani barabarani kabla ya kuinuliwa. Kutokana na majibu hayo daktari huamua kama atatazama mguu unaoonekana umepinda, au ataanza na tumbo na nyonga ambazo bado hazijaonyesha kitu.