Saa chache Kilwa kabla ya basi la Dar

SWALI: Natoka Lindi kwenda Dar es Salaam. Nikishuka Nangurukuru asubuhi na kupanda basi jingine alasiri, nitawahi kuona nini Kilwa?

JIBU: Nenda kisiwa cha Kilwa Kisiwani moja kwa moja, Kilwa Kivinje iache kwa safari nyingine. Panda gari la Kilwa Masoko, kata kwanza kibali cha kutembelea magofu ya kisiwani, ndipo uteremke bandarini kutafuta mashua. Ngome ya Gereza utaiona unapokaribia ufukwe. Usimalizie muda hapo. Nenda Msikiti Mkuu, usimame chini ya kuba zake, uguse kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Msafiri Ibn Battuta alifika mji huu wa Kilwa mwaka 1331. Kasri la Husuni Kubwa linastahili siku yake, liruke. Upepo huchelewesha mashua, kwa hiyo geuza mapema, na tiketi ya Dar uwe umeshakata.